Zimwi Lililodai Kunywa Mto

Wajukuu, nitoe?
— Toa!
Ya kweli au ya uongo?
— Yoyote, mradi inoge!

Hapo kale palikuwa na mlima uliokunjamana kama mkeka uliosukumwa ukutani. Mawe yake ya chokaa yalijaa makombe, kwani zamani bahari ililala palepale, kisha ardhi ikasukumana, ikajikunja, ikainuka. Ndiyo, bahari juu ya mlima! Msinicheke.

Mto ulishuka, ukashuka, ukashuka, halafu ukatumbukia shimoni kabla ya kufika kijijini. Mdomoni mwa shimo lilikaa Zimwi. Likasema ndilo linalounywa, na wanakijiji wakilipelekea mbuzi litapunguza kiu. Wakapeleka mmoja. Wakapeleka wa pili. Wakapeleka wa tatu. Visima vikazidi kukauka.

Zamu ikamfikia Nyamvula, mchoma chokaa. Alikuwa na mbuzi mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyowalea mapacha wake. Mzee Kombora, mkuu wa kijiji, akamsihi ampeleke, asiwaponze wenzake. Nyamvula akaitikia. Akapanda na mbuzi, na punda aliyebeba matenga ya chokaa iliyotoka tanurini, ambayo haijazimwa kwa maji. Kijiji kizima nyuma yake.

Kwanza akaweka bonge moja mbele ya Zimwi, akalimwagia maji kidogo. Lo! Bonge likafoka, likafuka, likapasuka, na moto haupo.

"Babu Zimwi," akasema, "matenga yote haya nayamwaga mtoni. Wewe kunywa kama kawaida yako."

Zimwi likashika tumbo. "Yote?"

"Yote."

"Mama we, ngoja kwanza. Mimi sijawahi kunywa hata tone. Maji yanaingia humo yenyewe. Mimi nakula mbuzi tu."

Njia ya mwongo ni fupi, wajukuu. Watu wakaokota mawe, nalo likatimka, hata mkia wake haukuonekana tena.

Sasa maji yanakwenda wapi? Nyamvula hakumwaga chokaa. Alimwaga shimoni makapi ya mtama aliyomletea punda, yaje kuonyesha maji yanakotokea, kisha akatazama matabaka ya mawe. Hapa yanazama, na maji yanayafuata. Yanapita chini. Yanapinda, yanainuka tena kule nyuma ya tanuri lake, mahali walipovunja mawe miaka yote! Akateremka mbio, kanga mkononi, watu wakimfuata wakianguka na kuinuka.

Kule palikuwa na ufa wenye unyevu. Wakapiga nyundo, kimya. Wakapiga, jiwe likalia. Wakapiga, maji yakaruka, baridi, meupe, makapi ya mtama yakielea juu yake! Wanawake wakapiga vigelegele, mapacha wakaoga papo hapo, mbuzi akanywa mpaka akalala.

Mzee Kombora akamsogelea Nyamvula taratibu, akauliza waupelekee mlima nini kwa shukrani.

"Hapana kitu, baba. Mlima haukuwahi kuomba mbuzi. Aliyeomba alikuwa na meno."

Hadithi yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka amwachie jirani.