Jicho la Golikipa, Ukurasa wa Kwanza

Hapo zamani, yaani Jumatatu moja ya mwezi Mei ambayo hata watoto wa Ngamiani wanaikumbuka, jicho la kushoto la golikipa Mbaruku liliingia ukurasa wa kwanza wa gazeti la Kurunzi mjini Tanga. Jicho lenyewe lilikuwa bado kichwani mwa Mbaruku, limefumbwa, kwa sababu Mbaruku alikuwa amelala. Hakuna aliyemwamsha kumwomba ruhusa. Mwenye habari huwa wa mwisho kuipata.

Mkewe Mwantumu aliipata akifagia korido. Alisikia sauti ya Jumbe kinyozi, mpangaji wa chumba cha mbele, anayenyoa watu barazani. Jumbe alikuwa akisoma kwa sauti, mashine mkono mmoja, gazeti mkono wa pili.

"'Mungu wangu, Mbaruku, tutafanyaje?' alilia mke wa golikipa huyo." Jumbe akatua, akairudia sentensi hiyo kwa sauti nyembamba ya kike. Wateja wakacheka. Mmoja aliomba arudie tena.

Mwantumu alisimama na fagio lake. Maneno yale aliyajua. Aliyasema yeye, jana yake, chumbani kwake, mlango umefungwa, akimwambia mtu mmoja.

Sasa, ili mtu ahukumu vizuri, lazima aijue nyumba ya Bi Chiku. Ina korido katikati na vyumba huku na huku, na kuta zake hazifiki juu. Zinaishia karibu na paa ili hewa ipite. Dari hakuna. Hewa inapita, na maneno yanapita nayo bila nauli. Kwa hiyo nyumba ina desturi yake. Ukisikia majirani wanaanza mambo yao, unapandisha redio. Wakigombana, unapandisha. Wakipatana, unapandisha zaidi. Asubuhi mnaulizana mmeamkaje, mnajibizana salama, na hakuna aliyesikia kitu. Bi Chiku humwambia hayo kila mpangaji mpya, kabla hata hajamwonyesha choo kilipo: "Ukuta wangu haufiki juu, mwanangu. Usipofika ukuta, ifike redio."

Jumapili hiyo, baada ya chakula cha mchana, Mbaruku alimweleza mkewe jambo. Tangu alipopigwa goti la uso mwezi wa tatu, jicho la kushoto halioni sawasawa. Mpira ukija kulia anauona. Ukija kushoto anaukisia. Alhamisi ana miadi na daktari wa macho. Akitoka huko atakwenda kwa kocha, amweleze mwenyewe, kwa kinywa chake. Hakutaka zaidi ya hapo: jambo lake litoke kinywani mwake, siku aliyoichagua yeye.

Mwantumu akalia. Redio za nyumba nzima zikapanda. Moja ikapungua.

Jumatatu hiyo mtaa ulikuja kumpa pole Mbaruku, na kila aliyekuja kutoa pole alikuja na vidole vyake. "Kipa, hivi vingapi?" Mbaruku alijibu wa kwanza, akapatia. Wa pili alisema huyo wa kwanza alisimama karibu mno, akarudi nyuma hatua kadhaa. Mpiga picha wa Kurunzi alifika na pikipiki, akasema amesikitika sana, halafu akamwomba Mbaruku aligeuze jicho kidogo kwenye mwanga. Kocha alituma ujumbe kwa simu: asije mazoezini. Angekuja kumwambia, kocha alisema, wangeelewana. Lakini yeye kocha wa timu ameipata habari ya kipa wake kwa muuza maandazi.

Kuanzia hapo Mwantumu na mumewe hawakuzungumza tena chumbani. Walinong'ona wakaona mnong'ono ndio unaowanyamazisha majirani. Wakawa wanakwenda stendi ya mabasi. Pale kila mtu anapiga kelele na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Wanandoa wengine hurudi nyumbani kutafuta faragha. Hawa waliifuata kwa wapiga debe.

Jumatano, baada ya sala ya alasiri, Bi Chiku aliwaita wapangaji wake uani. Alikuwa na ungo wa mchele mapajani na aliendelea kuuchambua.

"Desturi ya nyumba imevunjwa," alisema. "Aliyeivunja ahame mwisho wa mwezi. Mmoja tu. Sitaki kubaki na nyumba tupu."

Wote wakamtazama Mama Hiari, jirani wa ukuta mmoja na Mwantumu.

"Nilipunguza, ndiyo," alisema Mama Hiari. "Nimesikia mwanamke analia, na ndani mna mwanamume mwenye mikono ya kudaka mipira. Nipandishe redio? Dada yangu mimi alikaa nyumba ya desturi kama hii. Majirani zake walikuwa na adabu hao! Walipandisha redio, walipandisha, mpaka mkono wa dada ukavunjika. Hakuna aliyesikia."

Mikono ya Bi Chiku ilitulia kwenye ungo.

"Na ulipojua kwamba hapigwi?"

"Ningepandisha, Bi Chiku. Lakini mazungumzo yenyewe yalikuwa yameshanoga."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Nilimwambia Athanas," Mama Hiari aliendelea, "maana yeye anajuana na wakubwa, amtafutie kijana daktari mzuri. Nilisema daktari. Gazeti sikulitaja."

Athanas alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, na mwandishi wa Kurunzi. Alikuja kikaoni na kitambulisho chake cha kazi shingoni, ingawa kutoka mlangoni kwake hadi uani hakuna anayemzuia.

"Redio yangu mimi ilikuwa juu," alisema. "Mashahidi mpo. Sikuchungulia, sikutega sikio."

Ilikuwa kweli. Athanas alikuwa mwandishi mwenye maadili. Hakusikiliza ukutani. Aliambiwa na aliyesikiliza ukutani.

"Tena nilimpa kaka nafasi ya kujieleza. Nilimgongea mlango jioni ile."

Mbaruku aliinua kichwa. "Ulikuja kuazima kiberiti!"

"Nilianza na kiberiti. Nikakuuliza, macho vipi? Ukasema hayajambo. Sasa si kauli hiyo?"

Ilikuwa kauli kweli, na ilichapishwa aya ya tatu: alipoulizwa, golikipa alikanusha.

"Kaka Athanas," alisema Mwantumu. "Watu wanalipa kiingilio, sawa. Jicho tuseme ni la timu. Lichukueni. Na machozi yangu ni ya timu gani?"

"Hayo, shemeji, aliyataka mhariri. Alisema habari bila machozi ni tangazo."

"Mhariri alikuwa chumbani kwangu?"

"Hapana. Mama Hiari aliniambia, nami nikamwambia mhariri, akasema yapande juu."

Mhariri hakuitwa kikaoni. Hakuwa mpangaji, kwa hiyo hakuwa na kosa.

Jumbe kinyozi akasema yeye aondolewe kabisa kwenye hesabu hiyo. "Gazeti limetoka, linauzwa, mimi nimesoma. Tangu lini kusoma kukawa kosa? Tuwafunge na walimu."

"Na ile sauti ya kike, Jumbe, imeandikwa gazetini?" aliuliza Mwantumu.

"Ile ufundi tu, dada."

"Na uliyowaongezea wateja, kwamba jicho la kulia nalo linafuata, hayo yameandikwa?"

Jumbe alikuna kidevu. Kisha akaona njia ya kutokea, akamgeukia Mbaruku.

"Mnatuuliza sisi. Muulizeni na huyu! Mnalikumbuka bao la mwezi wa nne, la upande wa kushoto? Tulimlaumu nani? Kibwana, beki. Jukwaa zima tulimzomea mtoto wa watu. Mimi nilikataa hata kumnyoa, nilimwambia nenda kanyolewe na waliokununua. Mama yake alikuwa hapiti sokoni. Kocha akamtoa kikosini, kijana akarudi zake Muheza. Na huyu bwana tunasalimiana naye kila asubuhi pale barazani, Kibwana tunamtukana pamoja, anajua bao hakuliona!"

"Sikumtukana," alisema Mbaruku.

"Ulinyamaza. Tulifikiri unatuunga mkono."

Mwantumu alimtazama mumewe. Mambo ya jicho aliambiwa. Habari za Kibwana hakuambiwa. Alizisikia uani, pamoja na wapangaji wenzake, kama vile alivyoyasikia machozi yake barazani.

"Ni kweli?" alimuuliza.

"Ni kweli," alisema Mbaruku. "Na nilikuwa nakwenda kusema. Nikitoka kwa daktari, niende kwa kocha, nikitoka kwa kocha nipande gari la Muheza. Alhamisi."

Alhamisi ilikuwa kesho yake.

"Kosa langu kwa Kibwana ni langu na Kibwana," aliendelea. "Ningekwenda mlangoni kwake mwenyewe, angenitukana, angenifukuza, haki yake. Sasa nikienda atasema umeletwa na gazeti. Atakuwa anasema kweli? Hapana. Lakini nitamwonyesha nini? Hata kuomba radhi mmeniwahi."

"Miezi miwili ulikuwa na mdomo," alisema Jumbe.

"Nami ningekupa hata ukurasa mzima," alisema Athanas, na ilionekana anasema kweli.

Bi Chiku aliusukuma ungo pembeni. Alimgeukia Mwantumu, kwa kuwa haki lazima ienee.

"Na wewe, mwanangu, siku ile redio yako mwenyewe kwa nini hukuiwasha?"

"Nilikuwa nalia, Bi Chiku. Anayelia anatafuta redio?"

"Wenzio hutafuta."

"Jenga ukuta basi, Bi Chiku!" alisema Mama Hiari. "Tofali nne tu zinatosha."

"Nikijenga, mtalalamika joto. Ukuta wangu uko vile vile tangu enzi za marehemu mume wangu na haujawahi kuandika gazeti."

Hapo kikao kikaharibika. Mama Hiari alisema ahame Athanas, maana angenyamaza yeye, mambo yangebaki ndani. Athanas alisema ahame Mama Hiari, maana angenyamaza yeye, hata hayo ya ndani asingeyajua. Jumbe alisema ahame Mbaruku. Mbaruku alisema ahame Jumbe, maana gazeti wangelisoma wachache na wangelisoma kimya. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kuhama, na hakuna aliyekuwa yeye.

Bi Chiku akapiga kofi moja.

"Mwantumu. Wewe ndiye uliyekosewa. Mtaje mmoja, tumalize."

Mwantumu aliwatazama. Alimtazama Mama Hiari akaona kwamba siku mwanamke atakapopigwa kweli katika nyumba hii, sikio litakalosikia ni lile moja. Alimtazama Athanas akaona kwamba bila kalamu yake Kibwana angeendelea kuwa msaliti, angalau mpaka Alhamisi, na Alhamisi za watu huwa zinasogea. Alimtazama Jumbe; huyo alitamani kumtaja, lakini Jumbe ndiye pekee aliyemtaja Kibwana. Alimtazama na mumewe.

"Nipe mpaka Jumamosi," alisema.

Alhamisi Mbaruku alikwenda kwa daktari. Alichoambiwa na daktari hakikuandikwa na Kurunzi, na hapa pia hakitasemwa.

Jumamosi asubuhi mkokoteni ulisimama mbele ya nyumba. Jumbe alizima mashine yake. Mama Hiari alitoka na kanga moja. Athanas alichungulia dirishani aone ni nani aliyetajwa. Mwantumu alipita kati yao, amebeba godoro kichwani. Nyuma yake alikuja Mbaruku na masufuria.

"We Mwantumu!" alisema Mama Hiari. "Mwanangu, kikao kilisema ahame mwenye kosa. Mbona unahama wewe?"

"Nyie endeleeni kubishana, mama," alisema Mwantumu. "Mimi nataka kuzungumza na mume wangu."

Jumatatu iliyofuata Kurunzi liliandika kwamba golikipa ametoroka usiku. Walihama saa tatu asubuhi, na Athanas aliwasaidia kushusha kitanda kwenye ngazi za baraza. Chumba chao kilipata mpangaji mwezi huo huo. Mama Hiari yupo. Athanas yupo, kapandishwa cheo. Jumbe yupo, bado ananyoa. Hakuna mwingine aliyehama.

Hayo ndiyo yaliyothibitishwa. Lililobaki wapangaji wa Bi Chiku wanabishania hadi leo, na sasa ni zamu yenu: aliyesikia kilio akasikiliza hadi mwisho, aliyeandika la kweli pamoja na lisilomhusu, aliyewasomea wasionunua, aliyeficha jicho na kumwacha mwenzake azomewe, au mwenye ukuta? Je, nani alistahili kuhama?