Ashadha Mbili

Kitu kirefu humtia mtu woga kwa sababu haoni kinakoishia. Safari, ugonjwa, kungoja, vyote huonekana havina mwisho mpaka siku mtu anapofika na kushangaa kwamba amefika. Ndiyo maana methali yetu husemwa kumpoza anayeteseka. Lakini wanaoisema husahau kwamba raha nayo ina urefu wake, na urefu huo nao hukatika. Suramma wa Gopalanka aliijua nusu ya kwanza ya maneno haya. Nusu ya pili alifundishwa na mwezi.

Suramma alikuwa mjane. Mumewe alifariki miaka sita nyuma, akamwachia nyumba ya vigae kando ya mfereji, nyati mmoja wa maziwa na binti mmoja, Nilaveni. Mwaka ule, katika mwezi wa Vaishakha, Nilaveni aliolewa na Kodandam, kijana mkulima wa ng'ambo ya mto Godavari. Baada ya arusi nyumba ilipwaya kama nguo ya kuazima. Suramma alipika wali wa watu wawili, akala wa nusu mtu, uliobaki akampa nyati, na kwa kuwa nyati hakuondoka, akaanza kuzungumza naye. Hakumwambia mtu yeyote, ila alikuwa akihesabu siku za kuingia Ashadha.

Ashadha ndio mwezi ambao bibi arusi mpya hurudi kwao. Yeye na mama wa mumewe hawapiti mlango mmoja, na mumewe hakanyagi kizingiti cha mama mkwe mpaka mwezi uishe. Wazee wana sababu nyingi, lakini iliyo karibu na ukweli ni kwamba mvua za kwanza zimeshuka, miche ya mpunga inataka kupandikizwa, na bwana arusi aliyenogewa na nyumba hashiki jembe.

Mwaka huo Ashadha zilikuwa mbili. Miezi ya mwandamo huitangulia safari ya jua, na kila baada ya miaka kadhaa mwezi mmoja huongezwa ili jua lipate kufika. Mwezi huo wa ziada hauna sikukuu wala arusi. Upo tu, kama mgeni ambaye hakualikwa na hakufukuzwa. Suramma alikwenda kumuuliza mzee Somayajulu, kuhani wa hekalu, habari zake.

"Unaowafunga maarusi ni huu wa pili, Ashadha halisi," mzee alisema, kidole kikiwa juu ya kitabu chake cha miezi. "Wa kwanza ni wa ziada. Wapo wanaoushika, wapo wasioushika. Binti yako anaweza kukaa kwa mumewe mpaka wa pili uingie."

"Na tukishika yote miwili?"

Mzee alimtazama juu ya miwani. "Hutapata dhambi, mama. Utapata mkwe aliyenuna."

Suramma alirudi nyumbani, akapeleka ujumbe ng'ambo ya mto kwamba kuhani amesema yote miwili. Ulimi hauna mfupa, na neno lile lilitoka bila kumkwaruza.

Nilaveni alishuka kwenye basi na sanduku dogo na macho mekundu.

"Miezi miwili, Amma?"

"Hakuna marefu yasiyo na ncha, mwanangu," Suramma alimjibu, akageukia jikoni upesi ili binti asione jinsi uso ulivyokuwa ukimchanua.

Wiki ileile walichuma majani ya mhina, kwa kuwa mikono ya mwanamke haiachwi mitupu katika Ashadha. Suramma aliyasaga kwenye jiwe, akambandika binti yake duara katikati ya kiganja na kofia kwenye kila kidole. Mjane hapaki hina. Lakini anayesaga hakosi rangi, na kesho yake ncha za vidole vya Suramma zilikuwa nyekundu na kucha vilevile. Aliziangalia kwa furaha ya mtoto aliyeiba sukari.

Ulikuwa mwezi mtamu kwake. Alipika dengu kwa embe mbichi, akamsuka binti nywele kila asubuhi, na alipokuwa akisukasuka mtindi aliimba nyimbo ambazo hata nyati hakuwahi kuzisikia. Nilaveni alicheka naye mchana kutwa. Jua likielekea kuzama alikwenda kukaa mlangoni, akatazama njia ya mfereji, na kicheko kikamwisha.

Kodandam alianza kuja Jumapili. Ya kwanza alileta mwavuli ambao Nilaveni alikuwa ameusahau. Ya pili alileta kikapu cha maembe. Ya tatu hakuwa na kitu. Alisimama njiani ameshika baiskeli yake, hatua moja kutoka kwenye kizingiti asichoruhusiwa kukivuka.

Ratnalu, jirani wa upande wa pili wa njia, alikuwa kibarazani kwake akichambua mchele. "Leo umetuletea nini, baba?"

"Nimekuja kumjulia hali nyati, mama."

"Nyati hajambo. Anakuulizia kila siku, chakula hakimpiti."

Hata Suramma alicheka. Lakini Jumapili iliyofuata mvua ilimkuta kijana palepale njiani, na hakuna aliyeweza kumwambia aingie. Alisimama, maji yakimchuruzika kidevuni, akimtazama mkewe aliyekuwa ndani, pakavu. "Nenda, baba, utashikwa na homa," Suramma alisema. Aliondoka. Siku ile Nilaveni hakugusa chakula, na Suramma alisukasuka mtindi bila kuimba.

Mwezi wa ziada ulikwisha, Ashadha halisi ikaingia, na katika siku yake ya kumi na moja ukafika mfungo mkubwa, siku ambayo Bwana Vishnu hulala usingizi wa miezi minne. Mama na binti walifunga. Mchana Suramma aliketi kando ya kinu akitwanga bisi kwa sukari guru, chakula pekee kinachoruhusiwa siku ile. Njaa haikumsumbua. Kilichomsumbua ni lile neno, na mbele za Mungu anayejiandaa kulala aliona haya kumwachia uongo chini ya mto.

"Nilaveni," alisema bila kuinua macho, "kuhani hakusema miwili. Alisema mmoja. Ule wa kwanza nilikuibia."

Nilaveni aliendelea kupepeta bisi. "Najua."

Mchi ulisimama.

"Nilimuuliza mwenyewe, siku ya tatu tu tangu nije. Nikarudi kufunga sanduku. Nikakukuta unasukasuka mtindi, unaimba. Tangu baba afe sikuwahi kukusikia ukiimba, Amma. Nikalifungua tena."

"Ungeniambia, mwanangu."

"Ungenyamaza." Aliweka ungo chini. "Lakini usidhani sikuumia. Nimemlilia mume wangu nikiwa nimelala mgongo kwa mgongo na wewe. Nimekupa mwezi mmoja. Sina wa pili."

Suramma alifuta macho kwa pindo la sari. "Basi rudi leo. Nitakufungia sanduku mimi."

"Leo haiwezekani. Sasa ni Ashadha yenyewe," Nilaveni alisema, na wote wawili, kwa uchungu wao, wakajikuta wakicheka.

Ilikuwa Jumapili, na wakati huohuo kengele ya baiskeli ya Kodandam ililia njiani. Suramma alijaza bakuli la bisi, akamshika binti mkono, akatoka naye nje. Mkwe ndiye aliyekatazwa kuvuka kizingiti; yeye mwenyewe hakuna aliyemkataza.

"Ratnalu, kibaraza chako kina mama mkwe?"

"Hakina, dada. Kina kunguni wawili watatu tu."

"Basi tuwakalishe watoto hawa hapo mpaka jua lipungue."

Tangu siku hiyo, kila Jumapili wawili hao waliketi kwa Ratnalu, mwenye nyumba akiwa katikati na ungo wake kama hakimu, na Suramma akawatazama kutoka mlangoni pake. Hakuimba, lakini alilala vizuri.

Usiku wa mwezi kufa ulipita, na asubuhi ya kwanza ya Sravana, mwezi unaofuata, Kodandam alifika kabla umande haujakauka. Alivuka kizingiti kwa mguu wa kulia, akainama kugusa miguu ya mama mkwe, akala sahani mbili. Nilaveni alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Kisha alipanda nyuma ya baiskeli, sanduku mapajani, wakafuata mfereji mpaka migomba ikawaficha.

Siku hiyo Suramma alipima mchele wa mtu mmoja. Mkono ulipozama ndani ya chungu aliona kucha zake. Hina ya vidole ilikuwa imeondoka zamani, na ile ya kucha ilikuwa imesukumwa mbele kidogo kidogo, mpaka ikabaki ukingoni, wekundu mwembamba wa kukatwa kesho. Miezi miwili. Aliwahi kudhani ni mingi. Dawa aliyompimia binti yake siku ile ya kwanza sasa ilikuwa zamu yake kuinywa, naye akaisema kwa sauti, ingawa aliyemsikia ni nyati tu: hakuna marefu yasiyo na ncha.