Jina la Ukurasa wa Mbele

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana sufuria zilizoungua siku zile bado zinapikiwa, palikuwa na mwanamke wa Muheza aitwaye Mwantumu, mtunzi wa riwaya.

Meza hakuwa nayo. Aliandikia juu ya cherehani iliyofunikwa, baina ya kuinjika maharage na kuyaepua. Akiandika sentensi ya kwanza, mumewe Mhina huita, “Mama Salha, soksi zangu ziko wapi?” Akaweka kalamu chini. Akiandika ya pili, mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, huchungulia mlangoni. “Mwanangu, umekaa tu?” Akaweka kalamu chini. Akiandika ya tatu, binti yake Salha humjia na daftari. “Mama, kinu kwa Kiingereza ni nini?” Akaweka kalamu chini, maana hata yeye hakujua.

Kwa mwendo huo riwaya ilichukua miaka saba.

Mwisho ikakubaliwa. Siku ya kwenda mtamboni mhariri akapiga simu. Mwantumu alikuwa anakanda unga, unga umemganda mikononi, akabonyeza spika kwa kiwiko. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, kwani nyumba nzima ilisikia.

“Imebaki tabaruku tu, bibie. Ule ukurasa wa mbele, ‘Kwa ajili ya fulani.’ Nipe jina moja. Yakiwa mengi inageuka orodha ya kamati ya harusi. Nakupigia baada ya nusu saa.”

Mhina akaweka kikombe chini.

“Hapo pana mjadala gani? Mwanamume gani mji huu angekula maharage yaliyoungua miaka saba asiseme neno?”

“Ulisema, Baba Salha.”

“Nilisema kwa upole. Na kila Jumamosi, nani alimtoa mtoto nyumbani upate utulivu?”

“Ulikwenda kucheza bao.”

“Mtoto alikuwepo nyumbani? Hakuwepo. Basi.”

Mwantumu akaendelea kukanda. Moyoni alijua kwamba kurasa zote zilizosomeka ziliandikwa Jumamosi.

Bi Mwanakombo akacheka kwa pua. “Bao! Mimi nimemhadithia mtoto huyu kila alasiri nyuma ya ukuta huo, wewe umetega sikio. Nimesomewa sura ya nne. Yule bibi harusi aliyetoroka na wapiga ngoma wa harusi yake mwenyewe, si dada yangu Kibibi huyo?”

“Nimembadilisha jina, mama.”

“Ukamwachia kengeza lake. Mwanangu, jina lako liko jaladani, kubwa kama la duka. Langu liko wapi?”

Mwantumu akatazama unga. Kengeza aliliacha kwa sababu lilimpendeza mno.

Salha, mwenye miaka tisa, alikuwa amesimama kando ya cherehani. Sasa akasema, “Ni mimi.”

“Wewe umefanya nini?” akauliza bibi yake.

“Mhariri alisema amekipendea nini kitabu?”

 Wote walikumbuka. Siku ya kukikubali kitabu, mhariri alisifu ule mruko wa baada ya sura ya sita, palipokatika ghafla msomaji akaachwa ajaze mwenyewe. Aliuita ujasiri wa mtunzi. Na mtunzi, badala ya kusema kweli, alisema, “Ahsante.”

Kweli yenyewe ni kwamba shule ilipofunguliwa, mwalimu alitaka kila daftari lijalidiwe. Magazeti hayakuwepo. Juu ya cherehani palikuwa na sura ya saba. Salha alijalidi madaftari kumi na mawili, na mchapaji wa duka la vifaa vya ofisi akapiga chapa kilichobaki, bila kujua kuna sura iliyokosekana.

“Uliiba kazi yangu!” akasema Mwantumu.

“Nilitoa sehemu mbaya,” akajibu Salha. Kisha sauti ikashuka. “Mama, siku ya mahafali ya chekechea, baba alikuwekea nafasi, akatandika kanga yako kwenye kiti. Mwalimu akasema wazazi wasimame. Baba akasimama. Kanga haikusimama.”

Salha akamsogelea mama yake.

“Siku hiyo ulikuwa unaandika sura gani?”

Mwantumu alifuta mikono kwenye nguo, jambo ambalo kila siku humkataza mwanawe.

“Ya saba,” akasema.

Simu ikalia. “Haya bibie, mtambo umewashwa. Nani?”

Mwantumu akafungua kinywa. Mhina akanyoosha kola ya shati kama mtu anayepigwa picha. Bi Mwanakombo akatazama darini, kama asiyetaka. Salha akamtazama mama yake machoni.

Enyi mnaosikiliza, nami nawaulizeni kabla simu haijakatika. Mume alitoa Jumamosi zake, ingawa zilikuwa za bao. Mkwe alitoa hadithi zake, ingawa hakuombwa. Mtoto alitoa sura mbaya kitabuni, na kabla ya hapo alikuwa ametolewa yeye kwa ajili ya sura hiyo hiyo. Jina ni moja, na mhariri anangoja. Je, nani alistahili?