Upawa wa Kwanza

Sogeeni, na kila mtu aje na akili yake, maana hadithi hii mimi naianza tu. Kuimaliza ni kazi yenu.

Palikuwa na jamii tatu ambazo binadamu hawazijui. Wamizizi husikia kilichomo ardhini. Wabawa huruka, na wakienda sokoni huyakunja mabawa chini ya kanga. Wavuli wakiingia gizani hawaonekani hata na nyuki. Zamani wote walipikia chungu kimoja, juu ya mafiga matatu, kila jamii na figa lake, na aliyekula upawa wa kwanza alipona maradhi yoyote aliyokuwa nayo. Basi wakaugombea upawa huo. Kila jamii ikang'oa figa lake ikaenda zake, na chungu, mnajua wenyewe, hakiinjikwi juu ya figa moja.

Vizazi vikapita. Wamizizi na Wabawa wakapatana, kwa shida. Wavuli hawakuonekana tena, watu wakasema wamekwisha. Wazee wakatangaza kwamba walau figa lao litafutwe, na mmoja wa watakaolileta atapewa upawa wa kwanza, ale mwenyewe au ampe amtakaye.

Sikitu, binti wa Kimizizi, aliposikia hayo alimtazama mama yake. Masikio ya mama yalikuwa yameziba. Hakusikia ardhi, wala hakumsikia mwanawe akimwita kutoka mlangoni. Sikitu akasema moyoni, upawa ule ni wa mama.

Sikitu alilala kifudifudi kwenye umande asubuhi nzima, sikio chini, akitafuta mlio wa jiwe lililozoea moto. Akaupata, mbali, kwenye korongo. Aliponyanyuka, uso umejaa tope, hakuna aliyemwambia hata pole.

Mashavu wa Wabawa, aliyepewa kazi ya kuruka, alikunjua mabawa tu, wakapigiwa vigelegele yeye na mabawa yake.

"Mimi sifa sizitaki," alisema Mashavu, huku anageuka waone na upande wa pili. Kisebusebu na kiroho papo. Sikitu roho ikamuuma, ikamuuma njia nzima.

Korongoni walikuta mapango mawili katika jabali la ng'ambo. Mlio wa figa ulitoka pango la kulia, Sikitu aliusikia vizuri kabisa.

"Liko wapi, mwenzangu?" Mashavu akauliza.

"Kushoto."

Alitaka mwenzake ahangaike, arudi mikono mitupu, achekwe kidogo naye. Ndivyo wivu ulivyo, hauombi kikubwa.

Mashavu akaruka. Upepo wa korongo ukampigiza kwenye mwamba, ukamvunja bawa, lakini akaingia. Na mle ndani akawakuta Wavuli, ukoo mzima, wazima, waliojificha tangu ugomvi ule. Kijana wao Chanzi akamwambia, "Figa letu tulilificha pango la pili. Ngazi imeoza, na nyuki wamelijengea mzinga. Nifikishe."

Mashavu akambeba kwa bawa moja zima na jingine la kuning'inia. Chanzi akaingia gizani, nyuki wasimwone. Lakini jiwe lilipong'oka mzinga ulipasuka, wakamvamia mikononi. Hakuliachia. Alitoka nalo vidole vimevimba, havikunjiki.

Siku ya kuinjika chungu zilikuja jamii zote tatu. Bi Kidawa, mpishi, akainua upawa wa kwanza.

"Bila mabawa yangu mngebaki ng'ambo," alisema Mashavu. "Na bawa hili halitaruka tena nisipokula."

"Bila mikono yangu hakuna figa," alisema Chanzi. "Na mikono hii haishiki tena kitu."

"Nawe, mwanangu?" Bi Kidawa alimgeukia Sikitu. "Ulijuaje kwamba Wavuli wako kushoto? Hilo ndilo lililotukutanisha."

Sikitu akamtazama mama yake, aliyekaa mbele na bakuli lake mapajani. Neno moja tu la uongo lingetosha. Akasema, "Sikujua, bibi. Nililisikia figa kulia, nikamdanganya Mashavu. Nilimwonea wivu."



"Kwa hiyo bawa langu limevunjika kwa wivu wako?" akauliza Mashavu.

"Na bila wivu wake, dada, mngechukua jiwe mwende zenu," akasema Chanzi. "Sisi tungekuwa pangoni mpaka leo."

Hapo jamii zikaanza. Hawa wanataka wao, wale wanataka wao, maneno yale yale ya babu zao. Mama yake Sikitu, asiyesikia kitu, akadhani watu wanashangilia. Akatabasamu, akanyoosha bakuli.

Na wanaume wa kila jamii wameshainama, kila mmoja analitazama figa lake. Kinachowazuia ni kwamba mafiga bado yana moto.

Haya, mimi nimenyamaza. Upawa uko mkononi mwako. Je, wewe ungempa nani? Amua kabla mafiga hayajapoa.