Nyasi za Kaburini

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kusemezana na fisi bali zamani ya juzijuzi ambayo bado inawakosesha usingizi walioiona, kulikuwa na mjane mmoja, jina lake Resiato. Mumewe, Sironka, alipofariki alimwachia ranchi katika nchi tambarare ya wafugaji. Akamwachia ng'ombe. Akamwachia na mchungaji, Meitamei, mtu wa makamo, mpole, aliyezungumza na ng'ombe zaidi ya alivyozungumza na watu.

Ranchi ile ilikuwa na sifa moja: ng'ombe wake walikula nyasi tu. Hawakujua pumba, hawakujua chakula cha gunia. Akina mama wa mjini, waliochoshwa na nyama ya bucha isiyojulikana imetoka wapi wala imelala siku ngapi, walikuwa wakipanda gari wenyewe hadi malishoni. Kiongozi wao alikuwa Bi Mwanatumu, mpishi wa shughuli, yule ambaye ukimwita harusini kwako wageni hula wakasahau kukusengenya. Dalali hayupo, bucha halipo. Unamwona ng'ombe akiwa hai, unachinjiwa palepale, unaondoka na nyama yako.

Na palikuwa na desturi. Kabla ng'ombe hajafungwa kamba, mwenye mali huinama, huchuma nyasi pale ng'ombe alipokuwa akila, huzitia mkononi mwa mnunuzi. Mnunuzi huzinusa. Basi, maneno yamekwisha. Nyasi zile ndizo kiapo kwamba alichokula ni hiki na si kingine. Kuuliza zaidi baada ya hapo ni kumwita mwenzako mwongo, na hakuna aliyeuliza.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mvua ilipokataa. Ilikataa vuli, ikakataa masika, ikakataa tena. Nchi ikabaki udongo mtupu. Ng'ombe wa majirani wakaanza kuanguka, na walioanguka hawakuinuka.

Resiato akapata habari kwamba ng'ambo ya vilima mvua imenyesha, na shemeji zake wa huko wako tayari kumpokelea majike. Lakini majike walikuwa hoi, wasingefika kwa miguu. Lilitakiwa lori, na lori halikodiwi kwa machozi. Akiuza maksai, lori litakuja, majike watapona, na ranchi itapona. Asipouza, basi tena. Akampelekea habari Bi Mwanatumu kwamba maksai wapo.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Ng'ombe wa watu walianguka, wa Resiato walisimama. Walikonda, mbavu zilihesabika, lakini walisimama. Resiato aliliona hilo. Aliona pia Meitamei akirudi kutoka upande wa barabara kuu na magunia begani, akipitia nyuma ya zizi. Alitaka kumwuliza, ulimi ukawa mzito. Usipouliza hujui, na asiyejua hasemi uongo. Ndivyo alivyojidanganya, na nyinyi msimcheke, maana humu ndani wapo waliokula bila kuuliza.

Bi Mwanatumu akaja na wenzake na mchinjaji wao. Alikuwa ameshika harusi kubwa mjini na ameshaahidi nyama ya ranchi. Alishuka garini akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Akamwona maksai, akampapasa mgongo, kisha akanyoosha mkono wake wazi kama ilivyo desturi.

Resiato akatazama chini. Udongo. Akatazama kulia, udongo, na kushoto vilevile. Akawaomba wamsubiri kidogo, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la Sironka. Alikuwa amelizungushia miiba ng'ombe wasilikanyage, na maji aliyooshea vyombo alikuwa akiyamwaga pale, kwa mapenzi tu. Pale palikuwa na nyasi. Akapenyeza mkono kwenye miiba, akachuma, mkono ukachanika. Alimwomba mumewe radhi kimoyomoyo, akamwambia ni kwa ajili ya ng'ombe wako, akarudi na kuzitia nyasi mkononi mwa mgeni.

Bi Mwanatumu akazitazama nyasi mbichi. Akaitazama nchi kavu. Akazinusa, akafumba kiganja.

"Sawa, dada," alisema. "Mfungeni."

Maksai akachinjwa, akachunwa, tumbo likapasuliwa. Nyasi hazikutoka. Yalitoka manyoya ya kuku na maranda ya mbao, pamoja na uvundo uliowafanya akina mama wazibe pua kwa mitandio. Mmoja alikimbilia nyuma ya gari kutapika. Ikabidi Meitamei aseme, na akasema akiwa ameinamisha kichwa. Kule barabarani kuna mfugaji wa kuku. Yeye Meitamei alikuwa akizoa kinyesi kwenye mabanda ya mtu huyo, pamoja na maranda wanayolalia kuku, anakikausha na kuwalisha ng'ombe, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kuwapa.

Akina mama wakapanda gari. Hawakuchukua hata kipande. Kabla jua halijatua, mji mzima ulikuwa umesikia, na maksai waliobaki hawakupata wa kuwaulizia bei. Lori likaja, dereva akaelezwa kwamba malipo hayapo, akageuza bila hata kuzima injini. Resiato alisimama akiliangalia mpaka vumbi lake likaisha, na moyo wake ukafa siku hiyo.

Meitamei akaacha kwenda kuzoa magunia. Ng'ombe wakaanza kuanguka. Kila asubuhi mjane na mchungaji walikuwa wakiwainua, huyu ameshika pembe, yule ameshika mkia. Wakimwinua mmoja, mwingine analala. Wakimwinua huyo, wa kwanza amekufa. Wiki hadi wiki waliinua wachache zaidi, hadi akabaki mmoja, jike jekundu kongwe, mama na nyanya wa karibu kila ng'ombe aliyepita zizini mle. Naye asubuhi moja hakuinuka. Walimwinua, akaanguka. Wakamwinua tena, akaanguka.

Ndipo gari likaja. Alikuwa Bi Mwanatumu, amepakia marobota ya nyasi kavu aliyoyatafuta mbali, kwa sababu nafsi ilikuwa imemsuta. Wakafungua robota, wakamwekea jike mdomoni. Akazipumulia zile nyasi, asifumbue kinywa.

Katika malisho yale, ng'ombe asiyeinuka haachwi aliwe na fisi angali hai. Humalizwa kwa kisu, na anayekishika kisu ni yule aliyemfikisha hapo. Resiato akakileta kisu. Akakinyoosha mbele yao.

"Mama, niliwalisha uchafu, nakubali," alisema Meitamei. "Wa majirani walibaki safi wakafa. Wetu walikula kinyesi wakaishi. Ungetaka niwaache wafe wakiwa safi? Mimi sikutia nyasi mkononi mwa mtu. Ungemwambia mgeni ukweli, angenunua au asingenunua, lakini tusingeitwa waongo mji mzima. Aliyeapa uongo ndiye ashike."

"Niliapa uongo," alisema Resiato. "Nyasi zile nilizichuma juu ya kifua cha mume wangu, na sidhani kama atanipokea. Lakini wewe, Bi Mwanatumu, uliipita nchi hii yote na macho yako. Ulijua hakuna unyasi. Ungeniuliza tu, dada, mwaka huu wanakula nini, ningekwambia. Ukanyoosha mkono. Ulitaka nikudanganye ili ukawaambie wenye harusi, kwa moyo mweupe, kwamba nyama ni ya nyasi. Shika wewe."

"Nilijua," alisema Bi Mwanatumu. "Nilipozinusa nilijua hazijawahi kuguswa na ng'ombe. Lakini desturi ni yenu, na ningeuliza mngesema nimewatukana. Nilinyamaza ili ninunue, dada, nikijua una shida. Kilichonifanya niondoke mikono mitupu siku ile ni yale manyoya, na manyoya sikuyaweka mimi. Ningewalisha watoto wa watu kinyesi? Aliyeyaweka ashike."

Resiato alikuwa bado amekinyoosha kisu, na hakuna aliyekipokea. Alitamani mmoja wao alie ili naye apate kulia. Chini yao jike jekundu alikuwa akipumua, anatulia kitambo, anapumua tena, jicho moja limetazama juu na nzi wameshalizingira.

Haya, nyinyi mlioshiba mkaja kunisikiliza, amueni, na msichukue muda mrefu maana mnyama anateseka: je, kati ya wale watatu, nani alistahili kukishika kile kisu?