Vimkate vya Mzee Vuai

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitikia kama mmefunga? Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia kwa watu, palikuwa na mzee akiitwa Vuai. Mzee Vuai alikuwa na akili. Hilo niliseme mapema, maana nitakayoyasimulia yatawatia shaka.

Watu wakigombania mpaka wa shamba, kwa Mzee Vuai. Mbuzi akila mihogo ya jirani, kwa Mzee Vuai. Mke na mume wakirushiana vyungu, kwa Mzee Vuai. Naye hukaa barazani kwake, akakuna ndevu, kwaru, kwaru, akasema neno moja, watu wakaenda zao wameridhika.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja. Chakula chochote akiwekewa, lazima akitie kasoro. Mchuzi mwepesi. Wali umeshikana. Samaki huyu alikufa kwa huzuni. Miaka arobaini mkewe, Bi Mize, alipika. Miaka arobaini yeye alihukumu.

Siku moja wakaja wageni. Bi Mize akaamka alfajiri, akakanda unga wa ngano kwa tui la nazi, akaoka vimkate vitamu. Vimeumuka, vimenona, vinanukia iliki mpaka njiani. Mzee Vuai akatwaa kimoja, akatafuna, akawageukia wageni.

"Jamani, msivitafune. Mezeni tu, taabu iishe upesi."

Wageni wakacheka, kwa kwa kwa! Bi Mize alikuwa nyuma ya mlango na buli la kahawa. Akaliweka chini. Akajitanda kanga, akatokea mlango wa uani, akashika njia, akaenda zake kijiji cha pili kwa kaka yake, Faki.

Siku ya kwanza Mzee Vuai akasema, "Atarudi." Siku ya pili akasema, "Atarudi tu." Siku ya tatu akatafuna muhogo mbichi. Siku ya nne akachukua fimbo yake, akaenda.

"Hodi!"

Faki akatoka. "Shemeji, mwaka jana nilikuletea kesi yangu ya shamba, ukaniambia nisubiri. Basi na wewe subiri."

Akasubiri. Jua likamchoma utosi. Ndipo Bi Mize akatoka, akasimama mlangoni.

"Mize, twende nyumbani."

"Nitakuja. Siku utakayoniletea vimkate vitamu, umevikanda wewe, umevioka wewe, nami nikavila nikavimaliza."

"Hayo tu?" akasema Mzee Vuai.

"Hayo tu."

Akarudi anacheka peke yake njia nzima. Mimi, niliyepatanisha koo mbili! Unga utanishinda?

Sasa, enzi hizo unga uliumuliwa kwa tembo la mnazi, ulevi uleule wa wagema. Hilo alilijua. Asilolijua ni mengine yote. Akachemsha maji mpaka yakatokota, bwata, bwata, akayamwaga juu ya unga na tembo, tembo likafa palepale. Akakanda, akaunguza vidole, akatukana. Hakungoja unga uumuke, angoje nini? Akatia chunguni, akaweka makaa chini na makaa juu ya mfuniko, akapuliza. Fuu! Fuu!

Alipofika kwa Faki, Bi Mize akakipokea kimkate. Akakigonga kwenye mlango. Ko! Ko! Ko!

"Karibu!" akaitika Faki toka ndani.

"Hakuna mtu," akasema Bi Mize. "Ni mkate."

Mzee Vuai akarudi nao. Safari hii hakucheka.

Kumbe tembo lilikuwa kidogo! akajiambia. Basi akatafuta kibuyu kizima. Akaonja, ajue kama limechachuka. Hakuwa na hakika, akaonja tena. Alipopata hakika, kibuyu kilikuwa nusu. Nusu iliyobaki akaimimina kwenye unga, akafunika, akauweka juani uani, naye akajilaza kivulini kidogo.

Unga ukaumuka. Ukaumuka, ukaumuka, ukasukuma mfuniko, ukamwagika chini, ukaenda zake kama mtu mwenye safari. Kuku wakauona. Do, do, do, wakaula wote. Mzee Vuai alizinduka akamkuta jogoo anawika saa ya adhuhuri, amesimama kwa mguu mmoja na huo mmoja haumtoshi. Mitetea inatembea upande upande. Majirani wamepanga mstari ukutani.

"Mzee Vuai," akauliza mmoja, "kuku wako wana kesi gani?"

Akaingia ndani akafunga mlango. Akakaa jikoni kwenye kigoda cha mkewe, kifupi, magoti yamemfika kidevuni. Nyumba kimya. Hapo ndipo alipoogopa. Asipokuja je? Miaka iliyonibakia nitakula na nani?

Hofu humfanya mwenye akili kuwa mjanja. Siku ya pili yake akaenda kwa jirani, Bi Somoe, mpishi wa harusi zote za pale.

"Nipikie vimkate, Bi Somoe. Siri yetu."

Bi Somoe akamtazama juu mpaka chini. Akavipika. Vizuri, vya duara, vya rangi ya dhahabu. Mzee Vuai akavibeba, akampa mkewe, akasimama kifua mbele.

Bi Mize akauma mara moja tu.

"Somoe hajambo?"

"Somoe gani?"

"Huyu anayetia iliki kama anafukiza nyumba. Nionyeshe mikono yako."

Mzee Vuai akaificha nyuma, mzee mzima na mvi zake! Bi Mize hakugomba. Laiti angegomba.

"Vuai, mchana kutwa unawaambia watu waseme kweli," akasema. Akaingia ndani. Komeo likalia, kwachu!

Mzee Vuai akarudi mpole kama aliyetoka maziko. Hakupitia kwake. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Somoe, akavua kofia, akakaa chini, juu ya mchanga.

"Sikuja kuomba mkate. Nimekuja unifundishe."

"Wewe? Miaka yote hii unatutia kasoro, leo nikufundishe?"

"Ndiyo, Bi Somoe."

"Sema hujui."

"Sijui."

"Sema kwa sauti, watu wa kisimani hawajasikia."

"SIJUI!"

Basi akamfundisha. Tui liwe vuguvugu, kama maji ya kumwogesha mtoto. Tembo kikombe, si kibuyu. Kanda. Kanda tena. Mabega yakamuuma, kiuno kikamuuma, jasho likamtiririka. "Sasa?" anauliza. "Ngoja," anajibiwa. "Sasa?" "Ngoja, mzee!" Akangoja, hana la kufanya, hajui kama utaumuka au utamwaibisha. Akapuliza makaa, fuu! cheche zikaruka, nusu ya ndevu ikaenda. Tsss!

Akafika kwa Faki na bakuli, kidevu kimebabuka upande mmoja, vidole vina malengelenge. Bi Mize akamwangalia ndevu. Akaangalia mikono. Akakaa.

Vimkate vilikuwa vimeungua chini na juu vimepauka. Kimoja kimevimba shavu kama kinaumwa jino. Bi Mize akauma. Akatafuna. Mzee Vuai akamkodolea macho. Akatafuna. Faki naye akachungulia. Bi Mize akatafuna, akameza, akachukua cha pili.

"Vipi?" akauliza Mzee Vuai, sauti imekuwa ndogo.

"Uliogopa ulipokuwa unangoja uumuke?"

"Niliogopa sana."

"Mimi huogopa kila siku," akasema Bi Mize. "Miaka arobaini naogopa. Si unga. Mdomo wako."

Mzee Vuai, bingwa wa maneno, akatafuta neno. Akalipata moja, dogo.

"Nisamehe, Mize."

Bi Mize akala mpaka bakuli likabaki tupu. Akakung'uta makombo kwenye kanga, akasimama. "Twende. Lakini Ijumaa ni zamu yako ya jikoni."

Wakaenda. Na tangu siku ile, mtu akija barazani kumlalamikia mwenzake, Mzee Vuai humwuliza kwanza, "Kazi yake umewahi kuifanya wewe?" Wengi waligeuka wakarudi makwao, kesi zikapungua nusu. Hekima yake tunaikumbuka kwa hilo, si kwa yale ya mwanzo.

Na kila Ijumaa, mpaka alipokufa, alioka vimkate. Havikupata kuwa vizuri hata siku moja. Kijiji kizima kilivila, kikashukuru, kikanywa maji mengi.

Ewe unayesikiliza, kabla hujamtia mwenzako kasoro, ingia jikoni uungue kidogo. Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye njaa na aende akakande.