Ndege Iliyojifunza Kuinama

Hapo kale, ndege za chuma zilipokuwa zikifugwa nyumbani kama ng'ombe, kila ndege ilikuwa na mkia mmoja tu, uliosimama wima mgongoni kama shingo ya jogoo anayetaka kuwika. Ndege ya mikia miwili ilikuwa haijaonekana.

Katika milima ya Ukimbwe aliishi mwanamke aliyeitwa Tusekile, mtunza ndege. Kijiji kizima kilikuwa na ndege moja, yenye rafadha mbili za kupuliza upepo, nayo ndiyo iliyowavusha wagonjwa kwenda hospitali ng'ambo ya bonde. Ilikuwa ikilala nje. Mwaka huo mvua ya mawe ilianza mapema, mawe makubwa kama mayai ya kanga, na kila asubuhi Tusekile alipapasa mabawa akakuta yamebonyea mahali papya. Alijua kwamba ikija mvua moja kubwa, wagonjwa hawatakuwa na njia.

Nyumba ya kuitosha ilikuwa moja, nyumba kuu ya ukoo. Mlango wake ulikuwa mpana kwa sababu ng'ombe wote waliingilia hapo, lakini ulikuwa mfupi. Watu wa Ukimbwe walijenga hivyo makusudi, ili kila aingiaye ainame kuwaheshimu waliomo. Mabawa yalipita. Mkia ukagonga boriti ya juu.

"Baba, tuipandishe boriti kidogo," Tusekile alimwomba Mzee Ambokile, mwenye nyumba.

"Haipandishwi. Mimi na mvi zangu naingia nimeinama. Hiyo ndege yako ni nani?"

"Lakini baba, ndege haina kiuno!"

"Basi itafutie."

Watu wakacheka. Tusekile hakucheka. Alipunguza upepo kwenye magurudumu ili ndege ishuke, mkia ukagonga bado. Mwishowe alichukua msumeno, akaukata mkia katikati. Ndege ikaingia, na mvua ya usiku ule haikuigusa.

Asubuhi aliirusha, na hapo ndipo alipoliona kosa lake. Kazi ya mkia ni kushika upepo ili ndege iende moja kwa moja, na ule uliobaki ulishika kidogo mno. Pua ilikwenda kushoto, ikarudi kulia, kama ndama anayeburutwa kwa kamba. Alitua kwa shida.

"Umeinyonyoa kama kuku," jirani mmoja alimtania. "Sasa itaruka vipi?"

Tusekile alitazama juu. Mawingu meusi yalikuwa yakikusanyika, na katika nyumba ya pili mtoto wa jirani huyohuyo alikuwa amelala na homa, akisubiri kuvushwa. Tusekile aliporudi nyumba kuu, alikikuta kile kipande cha mkia kimeegemezwa kwenye banda la kuku. Mzee Ambokile alikuwa amekifanya mlango.

Alikipima kwa mikono yake. Kilikuwa na kimo sawasawa na kile kilichobaki mgongoni.

"Baba, naomba mlango wa kuku wako."

"Na kuku wangu?"

"Watainama wapite dirishani."

Safari hii mzee ndiye aliyecheka, akamshikia ngazi. Tusekile alikihamisha kipande kimoja kushoto na kufunga cha pili kulia, kila kimoja nyuma ya rafadha yake, pale upepo unapovuma kwa nguvu zaidi. Kisha akampakia mtoto na mama yake. Ndege ikaruka imenyooka, maana mikia miwili mifupi ilishika upepo wote uliokuwa ukishikwa na ule mmoja mrefu. Jioni ilirudi mbio mbele ya mvua, ikapita chini ya boriti pasipo kuigusa. Mawe yakaangukia paa.

"Karibu," Mzee Ambokile aliiambia ndege, kama anavyoambiwa mgeni aliyeinama vizuri.

Na tangu siku hiyo, ndege zilizozoea milango mirefu zimebaki na mkia mmoja, na baadhi ya nyingine zina miwili. Ukiiona ya mikia miwili, ujue ukoo wake uliwahi kuomba kulala katika nyumba yenye adabu.